Sanduku moja, askari wawili: kisa cha nishani za keya Tanga

Familia moja ya Ngamiani, jijini Tanga, ilipeleka ombi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: jina la babu yao lisomwe Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, na liandikwe kwenye bamba la kumbukumbu ambalo mtaa ulikuwa ukiliandaa. Maelezo yalikuwa ya mistari minne. Babu alikuwa askari wa keya, yaani K.A.R. (King's African Rifles). Alipigana vita vya nyuki hapa hapa Tanga. Akapigana tena Burma (leo Myanmar). Alifariki akiacha nishani tano, nazo zimo kwenye sanduku la bati lililoletwa pamoja na ombi.

Kisa hiki kimejengwa kwa hali zinazojirudia nyumba kwa nyumba katika miji ya pwani, ndiyo maana hakina jina la mtu wala namba ya barabara. Yaliyomo ya historia ni ya kweli, na njia zilizotumika kulifungua fumbo hili anaweza kuzifuata yeyote mwenye sanduku la namna hii uvunguni.

Kamati ya mtaa ilikuwa tayari kuandika. Kilichoizuia ni swali la hesabu kutoka kwa mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu: babu alizaliwa lini? Mapigano ya Tanga, ndivyo hivyo vita vya nyuki, yalikuwa Novemba 1914. Mtu aliyeshika bunduki siku hiyo akiwa na miaka 18 alizaliwa 1896. Majeshi ya Afrika Mashariki yaliingia Burma 1944, na kwa hesabu hiyo babu alikuwa na miaka 48. Mtu wa umri huo hapelekwi na askari wa miguu kupanda milima ya msituni wakati wa masika ya Asia.

Kulikuwa na pingamizi la pili, zito kuliko la umri, na ndilo ambalo watu wengi hawalioni. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Uingereza, Fox, ilifika bandarini na kutaka mji usalimu amri. Usiku huo majeshi yaliyoletwa kutoka India yakaanza kushuka Raskazone, kama watu 8,000 kwa jumla. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwakabili kwa watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, akiwaleta kwa treni kutoka upande wa Moshi kwa reli iliyokuwa imefika huko 1911. Siku ya mapigano makubwa ilikuwa tarehe 4. Risasi ziliamsha nyuki waliokuwa kwenye mizinga mitini, nao hawakuchagua upande. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakiwa na hasara ya zaidi ya watu 800, waliokufa na waliojeruhiwa. Basi katika vita hivyo wanajeshi wa Uingereza walioshuka walikuwa Wahindi na Waingereza. Mwafrika wa Tanganyika aliyeshika bunduki siku ya nyuki alikuwa upande wa Wajerumani, na keya lilikuwa jeshi la Waingereza. Sentensi ya familia, "alikuwa askari wa keya, alipigana vita vya nyuki", ilikuwa inajipinga yenyewe.

Hapo ndipo kamati nyingi hukosea kwa namna moja kati ya mbili. Ama huandika hadithi kama ilivyoletwa kwa kuogopa kumvunjia heshima mzee, ama huikataa yote kwa kuwa ina kasoro. Zote mbili zinampoteza mtu. Hadithi ya familia ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za watu mbalimbali: ikiwa na kasoro, kazi ni kuisokotoa.

Sanduku lilifunguliwa mezani juu ya taulo jeupe, mbele ya watu watatu wa familia, na kila kitu kikapigwa picha kabla ya kuguswa. Vilikuwa vitu vitano kweli. Viwili vilikuwa nyota za madini ya rangi ya manjano, zenye ncha sita, taji na herufi GRI VI, alama ya Mfalme George VI, katikati. Nyota moja imeandikwa 1939–1945 na nyingine Burma. Cha tatu kilikuwa nishani ya mviringo ya rangi ya fedha, upande mmoja kichwa cha Mfalme George VI, upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili: nishani ya vita ya 1939–1945, ambayo mtu aliipata kwa utumishi wa siku 28 tu. Cha nne kilikuwa kizito zaidi, cha fedha, kipenyo milimita 36, chenye kichwa cha Mfalme George V na, nyuma yake, mtu aliye uchi juu ya farasi. Hiyo ni nishani ya Vita Kuu ya kwanza. Cha tano hakikuwa nishani kabisa. Kilikuwa rupie 1 ya fedha ya Wajerumani, yenye sura ya Kaiser Wilhelm II, imetobolewa tundu ili ivaliwe shingoni. Familia iliiita nishani ya Mjerumani kwa miaka mingi.

Kosa la kuita rupie nishani ni la kawaida na halina aibu. Kilichouma ni kingine: kila mwaka kabla ya Idi vitu vyote hivyo vilisuguliwa kwa majivu na ndimu. Nia ilikuwa njema, kwani nishani inayong'aa ndiyo heshima machoni pa watoto. Lakini asidi ya ndimu hula madini na majivu husaga kama msasa. Kwa nyota za Burma hasara ni ya sura tu, kwa kuwa nishani za vita vya pili walizopewa askari wa keya kwa kawaida hazikuchongwa jina. Kwa nishani ya vita vya kwanza hasara ni ya uzito mwingine, maana ile ilichongwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Ukisugua ukingo kila mwaka unamfuta mtu mwenyewe.

Kuusoma ukingo ule kulichukua karibu saa nzima. Mzingo wa nishani ya milimita 36 ni kama milimita 113, kwa hiyo zilipigwa picha 12 za simu, kila moja ikishika sehemu fupi na kupandana kidogo na iliyotangulia. Mwanga ulitoka pembeni, dirisha moja likiwa wazi na mengine yamefungwa, ili vivuli vikae ndani ya herufi. Taa ya simu ikimulika kutoka mbele huzifuta kabisa. Pale picha zilipoonyesha ukungu, ilitumika karatasi nyembamba na penseli laini ya 2B: karatasi inakazwa juu ya ukingo, penseli inapitishwa kwa ubavu bila kukandamiza. Usipake chaki wala unga. Chaki huingia kwenye mikwaruzo pia, na mkwaruzo ukijaa cheupe utausoma kuwa herufi.

Zilibaki tarakimu tatu za namba, sehemu ya jina, na mwishoni wazi kabisa: 6 K.A.R.

Tarakimu hiyo ya 6 ndiyo iliyofungua mlango. Batalioni ya 6 ya keya iliundwa 1917, na ilichukua pia askari waliokuwa wamelitumikia jeshi la Wajerumani kabla ya kutekwa au kujisalimisha. Hivyo inawezekana kabisa kwa mtu mmoja kuwa upande wa Mjerumani siku ya nyuki 1914, kisha kuvaa sare ya keya miaka mitatu baadaye. Pingamizi lilionekana kuivunja hadithi, kumbe lilikuwa limeificha. Ila hapa pana mpaka wa kuheshimiwa: nishani inathibitisha utumishi katika batalioni ya 6. Kuwepo kwake Tanga tarehe 4 Novemba kunabaki kauli ya familia. Bamba lisiyachanganye mambo hayo mawili.

Jina lililobaki ukingoni lilianza na herufi A-S-M-A. Babu wa Burma hakuitwa hivyo. Baba yake aliitwa Athumani.

Walikuwa watu wawili. Wajukuu walikua wakisikia "babu" kwa wote, na katika nyumba ambamo baba na mtoto wote walikuwa askari, neno moja likabeba vita viwili. Aliyezoeleka, aliyefia nyumbani na kuzikwa mbele ya macho yao, akapewa vyote. Yule mwingine akabaki bila kitu isipokuwa herufi nne pembeni mwa kipande cha fedha.

Kuhusu tahajia, karani wa jeshi aliandika alichosikia, kwa sikio la kigeni. Athumani huonekana kama Asmani, Osman, Usmani. Hamisi huwa Khamis au Amisi, Rajabu huwa Lajabu, na neno "bin" huachwa au hugeuzwa kuwa jina la mtu. Anayetafuta aandike kwanza orodha ya namna zote jina linavyoweza kuandikwa, kisha atafute kwa kila moja. Wala hili si la zamani tu. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, jina la kijana mvuvi aliyesifiwa kwa uokoaji liliandikwa kwingine Majaliwa Jackson na kwingine Jackson Majaliwa, katika habari za siku hizo hizo. Ikiwa hilo hutokea kwa mtu aliye hai, mwenye simu na picha, fikiria kuruti wa 1917 aliyesimama mbele ya karani asiyejua lugha yake.

Baada ya ukingo, aliyesaidia zaidi ni shangazi mkubwa wa familia, binti wa askari wa Burma. Kabla yake walihojiwa wanaume watatu, nao walirudia hadithi ile ile iliyosokotwa. Shangazi hakuulizwa "baba alipigana wapi". Swali la namna hiyo huita hadithi iliyokwisha kusimuliwa mara mia. Aliulizwa mambo ya nyumbani: "Shikamoo shangazi. Baba alipoondoka, mama alibaki kwa nani? Mtoto gani alikuwa bado ananyonya?" Kwa majibu hayo tarehe zilijipanga zenyewe: aliondoka kaka wa pili akiwa tumboni, akarudi kaka huyo anakimbia na hamjui. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Baba yake alisema walikaa kwanza Seloni, na huko mbele walivuka mto mpana kwa daraja la chuma linaloelea.

Maneno hayo mawili yana uzito wa cheti. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon (ndiyo Seloni, leo Sri Lanka) 1943 kwa mazoezi, ikaingia Burma 1944, ikashuka Bonde la Kabaw katika mvua na matope, na mwanzoni mwa Desemba 1944 ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Hapo wahandisi walitandika daraja la Bailey (la vipande vya chuma vinavyounganishwa) la kuelea, la urefu wa futi 1,154, kama mita 350. Miongoni mwa batalioni za divisheni hiyo zilikuwamo ya 26 na ya 36 za keya, zote za Tanganyika: katika keya la wakati ule, batalioni zilizoishia na tarakimu 6 zilikuwa za huku. Mama wa Ngamiani asiyepata kusoma kitabu cha vita hivyo hakulitoa daraja hilo hewani.

Kijana wa familia alikuwa amekwisha kukata tamaa kwa sababu nyingine. Alitafuta jina la babu kwenye orodha ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, asilione, akahitimisha kuwa jeshi halimjui. Hitimisho hilo si sahihi, na linawavunja moyo wengi. Orodha ile ni ya waliofariki ndani ya muda maalumu: kuanzia 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Askari aliyerudi salama akafa mzee kitandani hayumo, na hapaswi kuwamo. Orodha inamfaa zaidi mwenye ndugu ambaye hakurudi. Kwa mfano, meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Waliopotea namna hiyo hawana kaburi, na kumbukumbu ya wapiganaji wa kikosi hicho iko Nairobi, kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita.

Hata kwa waliofariki vitani, orodha ina mashimo makubwa. Ripoti ya Tume yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kwamba marehemu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wapagazi wa Afrika Mashariki, wale ambao jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililotuachia Kariakoo. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliosimamishwa 1927, unawataja kuwa walikuwa miguu na mikono ya majeshi, lakini hautaji jina hata la mmoja wao.

Baada ya hapo ulikuja ubishi wa maneno, na ulichukua vikao vingi kuliko utafiti. Rasimu ya familia ilisema "shahidi wa vita aliyepigania nchi yake". Imamu wa msikiti wa karibu aliomba neno shahidi liondolewe, kwa kuwa lina maana yake katika dini na wote wawili walifia nyumbani. Aliongeza kwamba kaburini tayari wana mashahidi wao, yaani mawe mawili ya kichwani na miguuni, na hayo yanatosha bila kujengewa mnara. Wajumbe wengine walishikwa na "nchi yake". 1917 na 1944 nchi ilikuwa chini ya wageni, na wengi waliingia jeshini kwa kukamatwa, kwa njaa au kwa mshahara. Ushujaa wao katika matope ya Kabaw ni wa kweli hata kama bendera haikuwa yao. Lakini bamba si mahali pa kuwasemea nia walizokuwa nazo moyoni. Kilichokubaliwa ni mambo matano tu kwa kila mtu: jina na la baba, alikotoka, kikosi, alikotumikia, miaka. Neno "mashujaa" likawekwa juu, kwa wote, na halikurudiwa. Uamuzi huu ni sahihi. Sifa zikirundikwa kwa mmoja, wa chini yake anasomeka kama mdogo.

Orodha ikapanuka kwa haki. Wakaingia wa Kagera 1978–79, wakiwemo mgambo ambao karatasi zao zilipotea na ambao leo ndio wazee wa msikitini na kanisani. Likaachwa pia fungu la walinda amani, maana Tanzania ilipoteza askari wasiopungua 14 katika shambulio moja la tarehe 7 Desemba 2017 huko Semuliki, Kongo, na mtaa wowote wa nchi hii unaweza kuwa na nyumba yenye msiba wa namna hiyo. Kwa shujaa aliye hai, kamati iliweka sharti la kumwomba ridhaa na kumsomea mstari wake kabla haujachongwa.

Bamba ni la graniti nyeusi, sentimita 60 kwa 90, unene sentimita 2, uzito kama kilo 29. Fundi alitaka kulibandika kwa saruji peke yake. Kwa ukuta unaopigwa na upepo wa bahari hilo halifai, kwa kuwa chumvi na unyevu hulegeza plasta na bamba hushuka siku moja lote. Zilitumika skrubu nne za chuma kisichoshika kutu, matundu yakiwa sentimita 5 kutoka ukingoni, maana karibu zaidi ya hapo jiwe hupasuka. Mchanga wa plasta ulikuwa wa mtoni. Mchanga wa ufukweni ni wa bure, na chumvi yake hutoka ukutani kama ukungu mweupe msimu wa kwanza wa mvua, ikila na vyuma. Herufi zilichongwa kimo milimita 25, zinazosomeka vizuri mtu akisimama mita 3, kina milimita 2 hadi 3. Rangi ya dhahabu itafifia, lakini herufi iliyochongwa kina hicho inapakwa tena. Kabla ya kuchonga, maandishi yote yalichapishwa kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule, yakabandikwa ofisini siku saba, na wazee watatu wa kila familia wakatia saini. Katika siku hizo yalipatikana makosa manne. Moja lilikuwa "Asmani" na "Athumani": shangazi alisema babu yake asipewe jina la karani, nalo likachongwa Athumani, na tahajia ya nishani ikahifadhiwa kwenye daftari la mtaa.

Sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zina utaratibu unaojulikana: Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Mtaa haukujaribu kuyaigiza hayo. Ulianza saa 1:30 asubuhi kabla jua halijakolea, viti vya wazee vikiwa kivulini na mbele, wageni rasmi nyuma yao. Majina yalisomwa kabla ya hotuba yoyote, kwa kuwa hotuba zikitangulia wazee huchoka na majina husomwa mbio. Msomaji alikwenda siku mbili kabla kwa kila familia kusikia jina linavyotamkwa nyumbani. Kati ya jina na jina palikuwa na kimya cha kuhesabu hadi tano. Kisha kimya cha dakika moja, dua, sala, chai na vitumbua.

Nishani zilirudi nyumbani, lakini sanduku la bati lilistaafishwa. Kila kipande kimefungwa peke yake kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila buluu, ndani ya kopo la kioo lenye vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Plastiki laini ya mifuko ya albamu haikutumika, kwa kuwa huacha utando wa kijani unaonata juu ya shaba, wala mipira ya kufungia noti, ambayo huitia fedha weusi. Zikitolewa kwa ajili ya Idi, hufutwa kwa kitambaa kikavu tu.

Theluthi ya chini ya bamba haijachongwa. Nyumba chache kutoka hapo wanahifadhi kipande cha bati chenye namba, wanasema kilivaliwa shingoni na mpagazi wa familia, na bibi mwenye kukijua amekubali kuzungumza baada ya msimu wa machungwa kupungua.